Bila: neno dogo lililokwenda kwa miguu hadi Tabora

Jumapili jioni, Tabora mjini. Mpira umekwisha Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na watu wanamwagika barabarani. Kijana wa bodaboda, ambaye wingi wa abiria ulimnyima nafasi ya kuingia uwanjani, anapunguza mwendo kando ya mzee mmoja mwenye kofia ya viua, anayetembea polepole mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee. Ngapi ngapi?"

"Marahaba. Bila bila."

Kijana anaguna, anakanyaga gia, anaondoka. Hakuuliza zaidi kwa kuwa ameshaelewa yote: timu mbili, dakika 90, nyavu mbili ambazo hazikutikisika. Habari yote hiyo imebebwa na neno moja lililotamkwa mara mbili, na neno lenyewe si jina la kitu, si kitendo, wala kwa asili yake si namba. Ni kihusishi, mojawapo ya yale maneno madogo yanayoshikanisha maneno mengine, ambayo tunayatumia kutwa nzima tusiyaone.

Tangu jioni ile neno hilo halijanitoka kichwani. Wanaoandika habari za Kiswahili cha njia ya misafara huandika habari za majina. Watakueleza kwamba hongo, ambayo leo ni rushwa, ilikuwa ushuru ambao msafara uliwalipa watemi ili upite na kunywa maji katika nchi zao. Watakueleza kwamba posho, inayogombewa kwenye semina, ilikuwa chakula cha mpagazi. Watakutajia merikani, kitambaa kilichochukua jina la nchi kilikotoka. Yote ni kweli na ni matamu kuyasikia. Lakini majina hununuliwa sokoni pamoja na vitu vyake. Mgeni akija na kitu kipya, jina huja nacho, hata kama atalala usiku mmoja tu na kuondoka. Kihusishi hakinunuliwi hivyo. Hakuna msafara uliofika Tabora na robota la bila.

Basi limefikaje?

Sans ya steshenari

Swali hilo lingenipita kama lisingekuwa tukio la asubuhi iliyofuata. Niliingia steshenari moja karibu na stendi kuchapisha tangazo la kikao cha ukoo. Binti aliyekuwa kwenye kompyuta alimaliza kuandika, akanigeukia.

"Baba, nikuwekee Comic Sans? Inasomeka vizuri, hata wazee hawapati shida."

Nikatazama orodha ya aina za herufi kwenye kioo. Sans hapa, Sans pale. Maelfu ya watu wa Tabora wamelipitia neno hilo kwa macho, kwenye matangazo ya misiba, kadi za harusi na mitihani ya majaribio. Ni neno la Kifaransa, na maana yake ni bila. Herufi hizo zimeitwa hivyo kwa kuwa hazina vile vijimikia vinavyochorwa kwenye ncha za herufi za vitabu vya zamani. Herufi za namna hiyo zilionekana kwenye sampuli za mtengeneza herufi wa London mwaka 1816, na Comic Sans yenyewe ilibuniwa Microsoft mwaka 1994.

Kwa hiyo mjini Tabora zipo bila mbili. Moja iko kwenye kompyuta. Ilizaliwa kwa Kilatini, ikakulia Ufaransa, ikavuka kwenda Uingereza, na imetufikia ndani ya programu ya kuandikia. Nyingine iko mdomoni mwa mzee mwenye kofia ya viua. Ilizaliwa kwa Kiarabu, ikakulia pwani yetu, ikapanda bara kwa miguu. Zote mbili ni vihusishi vya kukopa, na zote mbili hutaja kisichokuwepo. Tofauti iko katika namna zilivyopokewa nyumbani kwa wenyeji wao, na humo ndimo nilimopata jibu la swali langu.

Waingereza waliipata sans kutokana na kutawaliwa. Wanormani walivuka bahari mwaka 1066 wakaiteka nchi, na kwa vizazi kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na watu wakubwa. Maneno ya Kifaransa yaliingia Kiingereza kwa maelfu, na sans ikaingia nayo. Lakini Waingereza walikuwa tayari na neno lao la kazi hiyohiyo, without, na mkulima hakuona sababu ya kuliacha. Sans ikabaki mgeni wa sebuleni. Shakespeare aliiweka katika tamthilia ya As You Like It, iliyochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623. Katika hotuba maarufu ya ngazi saba za maisha, mhusika wake aitwaye Jaques anaitamka mara nne mfululizo akihesabu vitu ambavyo uzee umemnyang'anya binadamu. Nguvu ya mahali pale inatokana na ugeni wa neno lenyewe. Mpaka leo Mwingereza akiandika sans amevaa nguo ya kutokea. Mtoto wake anapokataa maharage mezani hasemi sans.

Tamthilia hiyo si miongoni mwa zile ambazo Mwalimu Nyerere alitutafsiria. Yeye alitupa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nimemtaja kwa sababu alikuwa mtu wa Tabora kwa miaka mingi. Aliingia Tabora School mwaka 1937 akiwa kijana kutoka Butiama, na baada ya Makerere alirudi kufundisha St. Mary's hapahapa mjini. Kama angemshika Jaques, angekutana na sans hizo nne, na ninaamini kalamu yake isingesita. Angeandika bila, na hakuna msomaji ambaye angehisi ugeni wowote. Bila haina nguo ya kutokea. Ni neno la jikoni, la shambani, la darasani na la uwanja wa mpira.

Kutokuwepo kuna mahali pake

Kabla bila haijaja, Waswahili walisemaje? Walisema, na wanasema hadi leo. Sikiliza methali. Hakuna masika yasiyo na mbu. Hakuna marefu yasiyo na ncha. Penye miti hapana wajenzi. Methali hizo zinataja ukosefu, na hakuna hata moja iliyohitaji msaada wa Kiarabu kuutaja. Kazi inafanywa na ha-, -si- na -na, viungo vya Kibantu vinavyojisokota ndani ya kitenzi.

Tazama tena lile neno hapana. Ndani yake mna pa, kiambishi cha mahali. Kwa asili yake linasema kwamba pale pamekosa kitu. Ndugu zake ni hakuna na hamna, yenye ku na mu. Mswahili ana namna tatu za kukana kuwepo kwa kitu, na kila namna imesimama mahali pake: pahali unapopaonyesha kwa kidole, kule kusiko na mipaka, na mle ndani. Ukimuuliza mama kama chumvi ipo, na chungu cha chumvi ni kitupu, atakujibu hamna, kwa sababu amechungulia ndani. Katika lugha hii ukosefu una anwani.

Kutoka kwenye mzizi huohuo tumepata pasipo, na pasi na. Pasipo ni mahali ambapo kitu hakipo. Ukisema "pasipo haki hapana amani," umechora viwanja viwili vitupu, kimoja kando ya kingine. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua neno hilo vizuri, maana watafsiri walilipenda kwa uzito wake.

Bila inafikiri kwa njia nyingine. Kwa Kiarabu ni maneno mawili yaliyoshikana: bi, ambayo ni kama kwa au pamoja na, na la, ambayo ni hapana. Hiyo la tunayo sisi wenyewe kila tunaposema la, hasha. Kwa hiyo bila ni "pamoja na hakuna." Ukosefu hauko mahali tena, mtu amejitwika na anatembea nao. Anayekwenda safari bila maji amebeba kiu yake.

Neno linalosafirika namna hiyo lilifaa kwa watu wa safari.

Njia ya kutoka Bagamoyo

Lazima niseme wazi kwamba bila haikuzaliwa kwenye misafara. Ilishakuwa Kiswahili cha pwani, katika miji ambayo watu wake kwa karne nyingi waliswali, waliandikiana na kudaiana kwa herufi za Kiarabu. Humo ndimo maneno ya kushikanisha yalimovuka: kabla, baada, bila, hadi, hata, baina, dhidi, badala. Mtoto aliyeanza chuoni kwa kusoma Kiarabu na kurudi nyumbani kusema Kiswahili na mama yake alikuwa na lugha mbili chini ya ulimi mmoja. Vihusishi huvuka kwenye ulimi wa namna hiyo. Havivuki kwenye kaunta ya duka.

Kazi ya karne ya 19 ilikuwa kuupeleka ulimi huo bara. Kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe ni zaidi ya kilomita 1,000, na mwendo ulikuwa wa miguu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu ambao walishazoea kushuka pwani na pembe na kurudi na nguo kabla wageni hawajaanza kupanda kwao. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa mtu mzima. Katika miezi hiyo ya kwenda na kurudi alijifunza lugha ya kambi, na lugha ya kambi haiwezi kuwa ya majina peke yake. Mpagazi alihitaji kujua analipwa kabla ya kuondoka au baada ya kufika, anabeba mzigo mpaka wapi, na posho ipo au anatembea bila posho. Uhai wake ulining'inia kwenye vihusishi.

Na walikuwapo waliotembea njia hiyohiyo bila hiari yao, shingo kwenye minyororo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia kwa jina linalotaja biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kila ninapoandika kwa furaha kuhusu maneno yaliyosafiri, najikumbusha kwamba hayakusafiri peke yake. Lugha tunayoiringia ilifika bara katika msafara mmoja na machozi.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, walipokewa na mfanyabiashara wa Kiomani aliyeitwa Snay bin Amir. Hapakuwa kijiji cha kupita. Kulikuwa na watu waliojenga, waliooa, waliolima, waliozika. Baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, aliitwa Muhammad bin Juma; aliishi karibu na hapa na akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa za namna hiyo ndizo zilizoipa lugha mizizi. Jaribu kufikiria ua wa nyumba moja ambamo bibi anasema Kinyamwezi, baba anaandika barua kwa herufi za Kiarabu, wapagazi uani wanasema Kiswahili cha Bagamoyo, na watoto wanawasikia wote. Watoto hao hawakukopa neno kwa mtu yeyote. Walilikuta nyumbani.

Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ukisoma masimulizi ya zama zake utakutana sana na neno hata lenye kazi ambayo vijana wa leo wameanza kuisahau: kusukuma hadithi mbele, kwa maana ya mpaka. Sisi tumebakiwa nayo katika ngano za bibi. Anaposema "wakakaa, wakakaa, hata siku moja," hazungumzii siku moja tu peke yake. Anasema walikaa mpaka ikafika siku moja. Hiyo ni hatta ya Kiarabu, bado iko kazini, na anayeifanyisha kazi ni bibi ambaye pengine hajui Kiarabu zaidi ya sala zake.

Hadi nayo ina jambo la kuangalia kwa makini. Mzizi wake wa Kiarabu ni hadd, mwisho au kikomo cha kitu. Mpaka, neno letu la Kibantu, ni jina kwanza: mpaka wa shamba, mpaka wa nchi. Lugha mbili zisizo na undugu ziliokota jiwe lilelile la mpakani na kulifanya kihusishi. Kwenye njia ambayo kila mpaka wa mtemi ulidai hongo yake, jiwe hilo lilijulikana vizuri na kila mguu.

Mlango wa Kwihara

Nje ya mji, Kwihara, kuna tembe lililojengwa upya pale ambapo David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja baada ya kukutana Ujiji. Walifika Februari 18, 1872. Stanley aliondoka Machi 14 kurudi pwani. Livingstone akabaki kuwangoja wapagazi hadi Agosti 25, alipoanza safari ambayo hakurudi akiwa hai.

Wageni wengi huingia ndani moja kwa moja kutazama barua na ramani. Mimi huchelewa mlangoni. Tembe ni nyumba ya bara: kuta nene za udongo, paa la kukaa chini, ua wa katikati. Mlango ni wa pwani, mbao zenye nakshi. Nyumba haikugeuka kuwa ya Unguja kwa sababu ya mlango, na mlango haukukataa kushika kwenye ukuta wa udongo. Vitu viwili hivyo vimekutanishwa na bawaba.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa bila ndani ya Kiswahili. Wako wanaosema Kiswahili ni nusu Kiarabu, na wanatoa ushahidi wa maneno kama hili. Wako wengine wanaotaka tuyang'oe maneno yote ya kigeni ili lugha itakate. Wote wawili wangekaa kidogo kwenye mlango huu. Angalia bila inavyofanya kazi ikishaingia ndani. Tunasema bila kula, bila kulala, bila kuaga: kihusishi cha Kiarabu kimeshikwa mkono na kitenzi-jina cha Kibantu. Tunasema bila ya chumvi, na hiyo ya ni yetu, imebandikwa ili neno lifanane na juu ya, chini ya na ndani ya. Tunasema "aliondoka bila mimi kujua," tukimweka mtendaji katikati kwa ufundi wetu wenyewe. Kisha tukaenda nalo uwanjani na kuligeuza namba. Mbili bila ni mbili bila kufungwa. Mkia umekatwa, neno limebaki likishikilia nafasi ya sifuri. Wakenya wengi hapo husema nunge. Sifuri yenyewe ni Kiarabu pia, lakini mzee wa Tabora hakuihitaji.

Neno lililopewa kazi ambazo hata nchini kwao halikuwahi kuzifanya haliwezi kuitwa mgeni.

Wafaransa walipita

Msomaji anaweza kusema: huenda ni bahati tu, lugha hukopa inapotaka. Historia ya Tabora inayo kipimo cha kulijaribu wazo hili, kwa sababu Kifaransa nacho kilipita hapa, tena mara mbili.

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers na Askofu Mkuu Lavigerie miaka 10 kabla, ulipanda kutoka Bagamoyo. Wengi wao walikuwa Wafaransa. Tabora ndiko njia zilikogawanyika, wengine wakielekea Tanganyika na wengine Nyanza. Shirika hilo likajenga misheni na shule Unyamwezi, na St. Mary's aliyofundisha Mwalimu ilikuwa yao. Bagamoyo kwenyewe walikuwapo Mapadre wa Roho Mtakatifu tangu 1868, na mmoja wao, Charles Sacleux, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa Paris mwaka 1939, ambayo wataalamu wanaitegemea hadi sasa.

Mara ya pili ilikuwa vitani. Septemba 19, 1916, jeshi la Kongo ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur liliingia Tabora baada ya mapigano makali na Wajerumani. Maofisa walitoa amri kwa Kifaransa. Askari wengi walikuwa Wakongo. Ubelgiji ilijivunia ushindi huo kiasi kwamba jina la mji huu likaja kuongezwa kwenye cheo cha heshima cha jenerali huyo. Lakini hawakukaa. Mji uliingia mikononi mwa Waingereza.

Kutokana na mapito yote mawili, Kiswahili cha Tabora hakikuchukua kihusishi hata kimoja cha Kifaransa. Mapadre walijifunza Kiswahili na Kinyamwezi ili wahubiri. Hawakuwafanya watu wasali kwa Kifaransa. Maofisa walipita na bunduki zao. Hapakuwa na ua ambamo mtoto alisikia sans kwa baba na pasipo kwa mama.

Vuka Ziwa Tanganyika uone upande wa pili wa kipimo. Kiswahili kilivuka ziwa hilo na misafara ileile, kikafika Kasongo, Nyangwe na mbele zaidi. Neno hata lilipofika kule likapoteza pumzi yake ya kwanza likawa ata, na liko hai katika mazungumzo ya kila siku ya mashariki ya Kongo. Kisha ukaja utawala wa Wabelgiji uliokaa miongo mingi, na baada yake shule, ofisi na redio za Kifaransa hadi leo. Watu wakawa na lugha mbili chini ya ulimi mmoja, kama watoto wa vyuo vya pwani zamani. Leo mtu wa Lubumbashi au Bukavu akikuambia depuis jana anakutafuta, hajaonyesha usomi wowote. Depuis, kihusishi cha Kifaransa chenye maana ya tangu, kimeshakaa ndani ya Kiswahili chake, pamoja na viunganishi vya Kifaransa ambavyo hata hahisi anapovitumia. Kwa msikilizaji wa Tabora depuis inagonga sikio. Kwa msemaji ni bawaba iliyokwishatiwa mafuta.

Ziwa moja, lugha moja, na historia mbili za kukaa pamoja. Ndipo ninapopata jibu langu. Jina unaweza kuuziwa na mpita njia. Neno la kushikanisha unalipata kwa mtu uliyekaa naye nyumba moja.

Tunavyoliharibu

Kwa kuwa tumelipata kwa gharama hiyo, linatupasa kulitunza. Kosa linaloniumiza zaidi ni la kukana mara mbili. Husikika redioni na husomeka kwenye barua za ofisi: "aliondoka bila kutoaga," "wafanye kazi bila kutochoka." Bila imeshakana. Ukiongeza -to- umeirudisha maana mlangoni, na anayesoma kwa makini ataelewa kwamba aliyeondoka aliaga. Katika mkataba wa pango au cheti cha dawa kosa hilo si la mapambo. "Usimeze bila kutokula" ni sentensi inayoweza kumpeleka mgonjwa njia mbaya.

Kosa la pili ni la kimya: kuacha bila ifanye kazi zote. Tunapoandika "mtu bila kazi," "nyumba bila choo," "kijiji bila maji," tumesahau kwamba lugha yetu inaweza kusema mtu asiye na kazi, nyumba isiyo na choo, kijiji kisicho na maji. Namna hii ya pili inashikana na jina kwa upatanisho wake na haiachi kitu kikielea. Mwalimu wa sekondari aliyekaa nami kituo cha reli cha Tabora, tukingoja treni inayotoka Mwanza, aliniambia wanafunzi wake wanaona isiyo na kuwa ndefu. Nikamwambia awape methali. Hakuna mtoto anayesema hakuna masika bila mbu. Sikio lake linakataa kabla mwalimu hajakataza.

Na liko lile neno bilashi, ambalo ni bila pamoja na shai, kitu: bure, pasipo chochote. Wazee bado wanalo. Minghairi ya, kwa maana ya bila, nalo lipo vitabuni, likichechemea. Maneno haya hayatuombi makumbusho. Yanaomba kutumiwa mara mojamoja, pale yanapokaa vizuri kuliko jingine.

Sokoni

Siku ya kuondoka nilipita sokoni kuchukua asali, maana hakuna anayetoka Tabora akaeleweka nyumbani mikono mitupu. Mama mmoja alikuwa amepanga chupa za maji za plastiki zilizojaa asali nyeusi ya miombo, kando ya vifungu vya michembe. Nilishika chupa nikaiinua kwenye mwanga, kama anavyofanya kila mnunuzi anayeogopa kudanganywa.

"Asali tupu hii, baba," akasema. "Haina maji, bila sukari hata chembe."

Nikasimama pale nikiyahesabu maneno yake. Tupu, hii, haina, maji na chembe ni ya Kibantu. Asali, bila, sukari na hata yamekuja na bahari. Alikuwa ametaja ukosefu kwa njia tatu katika pumzi moja, kila njia na kazi yake: tupu kwa asali yenyewe, haina kwa maji yanayoweza kuwamo, bila kwa sukari ambayo wengine huongeza. Hakuna hata moja aliyoweza kuiondoa bila kuipunguzia sentensi yake uaminifu.

Akafungua kizibo, akachovya kijiti, akanidondoshea tone moja kiganjani. Nikalamba. Kisha akaifuta shingo ya chupa kwa pembe ya khanga yake, akaikaza, akanikabidhi.